Maneno Yanayodaika: Daftari la Mahari la Songea na Ketuba ya Wayahudi

Nimekuja Songea kwa kazi ya ushangazi. Binti wa kaka yangu kachumbiwa. Upande wa muoaji umeshaleta barua ya posa pamoja na kishika uchumba, na ukoo wetu unaketi kupanga majibu: mahari iwe kiasi gani, iende kwa nani, iandikwe kwa maneno gani. Hilo la mwisho nimekabidhiwa mimi. Baba mkubwa wa binti anaamini kwamba neno lililoandikwa ovyo leo ndilo ugomvi wa wajukuu kesho, na kwa hilo simpingi.

Kwa anayetoka Dar es Salaam safari ni ndefu. Basi huondoka alfajiri, hupita Morogoro, Iringa na Makambako, kisha hushika njia ya kusini kupitia Njombe. Ukishavuka kona za Lukumburu unajua umeingia Ruvuma: mahindi kulia, mahindi kushoto. Njia nzima nilipakata daftari langu la safari, lile lenye kurasa za Mbale na za Cairo. Humo nimekusanya habari za ketuba, mkataba wa ndoa wa Wayahudi. Nilizikusanya kwa kupenda tu hati za kale. Sasa nazisoma usiku kwa jambo la nyumbani.

Ketuba ni hati ya ukurasa mmoja, kwa desturi huandikwa Kiaramu, yenye tarehe ihesabiwayo tangu kuumbwa ulimwengu, jina la mji, jina la bwana na jina la bibi. Ndani yake mwanamume anajifunga kumlisha mkewe, kumvika na kumpa haki yake ya unyumba, mambo matatu ambayo asili yake ni kitabu cha Kutoka, sura ya 21. Kisha anakiri deni: zuzi 200 za fedha kama bibi harusi ni mwali, 100 kama ni mjane au aliyewahi kuachika. Deni hilo halilipwi siku ya harusi. Linalala. Linaamka siku mume akimwacha mke, au siku mume akifa. Mashahidi wawili wanatia sahihi, hati inasomwa kwa sauti mbele ya wageni, halafu bibi harusi mwenyewe ndiye anayekabidhiwa hati. Si baba yake, si mume wake. Ni mali yake, na ikipotea au kuungua, sheria yao inataka iandikwe nyingine upesi, kwa kuwa mume na mke hawaruhusiwi kuishi pamoja bila hati hiyo kuwapo.

Hizo zuzi 200 si kiasi cha kubahatisha. Katika Mishna, mkusanyiko wa sheria zao uliotengenezwa mwanzoni mwa karne ya 3, mtu mwenye zuzi 200 hakuruhusiwa kuokota masazo ya mavuno waliyoachiwa maskini, maana alihesabiwa kuwa na riziki ya mwaka mzima. Kwa hiyo waliokadiria kiasi hicho waliwaza hivi: mwanamke akitoka kwenye ndoa mikono mitupu, angalau mwaka mmoja asiende kuokota mashambani.

Nikarudia orodha yetu ya mahari.

Kikao kilifanyika sebuleni kwa baba mkubwa, mtaa wa Mjimwema. Orodha iliyopendekezwa ilikuwa na fedha ya ng'ombe, mkaja wa mama, blanketi la bibi, koti la babu, fungu la mjomba, fungu la mashangazi (ambalo nami ningegawiwa), na kifungua mlango. Kila mstari ulijadiliwa kwa heshima na kwa kumbukumbu. Mzee mmoja alieleza vizuri kwa nini mama hupewa mkaja: tumbo lililofungwa baada ya uzazi lina haki ya kukumbukwa. Sikupata neno la kupinga. Kila aliyemlea binti huyu alitajwa katika karatasi ile, hata bibi ambaye sasa haoni vizuri. Ila binti mwenyewe hakuwamo. Jina lake lilikuwa kwenye kichwa cha barua tu, kama anayezungumziwa.

Nilisema hivyo. Pakawa kimya kidogo, kisha mjomba wake akajibu, "Shangazi, yeye anapata mume. Anapata nyumba. Unataka apewe nini tena?"

Sikumjibu usiku ule. Nilikuwa na kisa kwenye daftari ambacho nilitaka nikipange kwanza. Kesho yake, tukiwa tumekaa nje wakati mahindi yanaanikwa, nikawasimulia.

Talmudi, mkusanyiko wa mijadala ya sheria zao, inaeleza kwamba Wayahudi nao hawakupata maneno ya ketuba kwa siku moja. Mwanzo kiasi kiliandikwa, lakini hapakuwa na mali iliyotengwa kukilipa, na wanawake wakasita kuolewa. Wanaume wakazeeka bila wake. Wakageuza: fedha iwekwe nyumbani kwa baba wa bibi harusi. Hapo tatizo likawa lingine. Mume akikasirika alimwambia mkewe, nenda ukachukue ketuba yako kwenu, kwa kuwa kumwacha hakukumgharimu chochote kipya. Wakageuza tena, fedha iwekwe upande wa mume. Matajiri wakaifanya vyombo vya fedha na dhahabu, maskini wakaifanya chombo cha shaba. Bado hasira ikija, mume alionesha chombo kwa kidole: chukua chako uondoke. Ndipo Shimoni mwana wa Sheta, kiongozi wa Mafarisayo katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, akaweka sharti jipya: mume aandike kwamba mali yake yote imewekwa rehani kwa ketuba ya mkewe. Hakuna tena fungu moja la kuoneshwa kwa kidole. Akitaka kumwacha, ataitafuta fedha ile katika shamba lake, mifugo yake, biashara yake. Ketuba za kawaida hadi leo zinataja kwamba deni linafika hata kwenye vazi lililo mabegani mwake.

Baba mkubwa alisikiliza akiwa ameacha kupukuchua. "Kwa hiyo hao nao walianza kama sisi," akasema. "Mahari imekaa kwa baba."

Hapo ndipo nilipoona kwamba tunaelewana. Mahari yetu inakaa kwa baba na kugawanywa kwa ukoo, na wala sidai kwamba hilo halina maana. Linafunga koo mbili. Linawapa wazee haki ya kuitwa kijana akikosea. Lakini siku ya kuvunjika, mahari ileile humgeukia mwanamke: nyumbani wanaogopa kumpokea wasije wakadaiwa kurudisha, naye anarudishwa kwa mumewe akavumilie. Fedha iliyotolewa kwa heshima yake inageuka kufuli mlangoni. Ketuba ilifanya kinyume. Gharama ya kuvunja ndoa iliwekwa mabegani mwa mwenye kuvunja.

Huku kusini tuna historia inayofanya jambo hili liwe zito zaidi. Mkoa huu ulikuwa chemchemi ya vibarua wa mashamba ya mkonge. Wanaume wa Songea walikwenda Tanga na kwingineko kwa mikataba, wakiitwa manamba, na baada ya mwaka 1944 uandikishaji ulisimamiwa na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha mwaka 1955 utafiti mzima juu ya safari hizo za kazi za Wangoni na Wandendeule. Jambo moja halinitoki kichwani kila nikiwaza habari za manamba. Mwanaume aliyepanda lori la kwenda Tanga alikuwa na mkataba na shamba: kazi, ujira, posho. Mkewe aliyebaki na jembe na watoto hakuwa na mstari hata mmoja ulioandikwa kati yake na huyo mwanaume. Asiporudi, je? Akioa huko, je? Akikaa miaka kumi bila salamu? Kila swali kati ya hayo lilijibiwa na huruma ya watu, na huruma ya watu haifanani nyumba kwa nyumba.

Cairo ndiko nilikokutana na jibu la karatasi kwa maswali hayohayo. Katika mji wa kale wa Fustat kuna sinagogi la Ben Ezra, na katika chumba chake cha ghala Wayahudi walitupia kwa karne nyingi karatasi zao zilizochakaa, kwa kuwa maandishi yanayoweza kuwa na jina la Mungu hayachomwi. Mwaka 1896 na 1897 Solomon Schechter alikwenda kuzichukua nyingi na kuzipeleka Cambridge. Zilipofunguliwa zilikutwa barua za biashara, hesabu, mashauri, na mikataba ya ndoa kwa mamia. Wafanyabiashara wa mji ule walikuwa watu wa Bahari ya Hindi. Walikwenda Aden na India kufuata pilipili, na safari ilikula miaka. Abraham Ben Yiju, mmoja wao, aliishi India tangu miaka ya 1130 hadi 1149.

Basi wake zao waliandikisha. Msomi S. D. Goitein aliyezisoma hati hizo kwa maisha yake yote ya kazi alionesha masharti ya kila namna: mume hataoa mke wa pili bila ridhaa ya wa kwanza, wala hataweka kijakazi ambaye mke hamtaki. Hatamhamisha kutoka mji wake bila yeye kukubali. Wataishi karibu na wazazi wa mke. Akienda safari ya mbali atamwachia matumizi, na ataacha hati ya talaka yenye sharti, kwamba asiporudi baada ya muda fulani, mke awe huru. Wapo hata waliotofautiana madhehebu, mmoja Mrabani na mwenzake Mkaraimu, wakaandika kwamba hakuna atakayemlazimisha mwenzake kuvunja sikukuu zake wala kula asichokula. Maneno haya hayakutoka mbinguni. Yalichaguliwa na akina mama, baba zao na makarani, kila familia ikiwaza hofu yake halisi, kisha ikaitafutia sentensi.

Nilikwama hasa kwenye lile la kutohama. Binti yetu anafundisha shule ya msingi hapa Songea, na muoaji anafanya kazi Mbeya. Tulikuwa tumejadili koti la babu kwa nusu saa. Wataishi wapi hatukujadili kabisa.

Naomba nisieleweke kwamba naisifu ketuba kupita kiasi. Ina ufa, na ufa wenyewe ni mkubwa. Kwa sheria ya marabi, hati ya talaka hutoka mkononi mwa mume kwa hiari yake. Mume akikataa, hata kama mahakama ya serikali imeshavunja ndoa, mwanamke anabaki amefungwa: akiolewa tena, kwa dini yake ni mzinzi, na watoto watakaozaliwa wanabeba doa. Wapo wanawake waliongoja miaka na miaka, wengine wakadaiwa fedha nyingi ili waachiliwe. Hati iliyobuniwa kumlinda mke asiachwe kirahisi haikuwa na maneno ya kumtoa pale anapohitaji kutoka.

Na ajabu ni kwamba maneno hayo yaliwahi kuwapo. Kwenye kisiwa cha Elefantini, katika mto Nile upande wa Aswan, kulikuwa na kambi ya askari wa Kiyahudi wakati Waajemi wanatawala Misri. Mkataba mmoja wa ndoa wa huko, wa mwaka 449 kabla ya Kristo, ni wa mtumishi wa hekalu aitwaye Anania na mwanamke wa Kimisri, kijakazi, aitwaye Tameti. Leo uko jumba la makumbusho la Brooklyn, Marekani. Ndani yake mume au mke, yeyote kati yao, angeweza kusimama mbele ya kusanyiko na kutangaza kwamba amemkataa mwenzake. Anayetangaza ndiye alipe faini, na mke aondoke na vitu vyake alivyokuja navyo, vikiwa vimetajwa kimojakimoja na bei zake. Tameti hakuwa binti wa tajiri. Mali yake ilikuwa kidogo sana. Lakini iliandikwa.

Ufa huo wa mume kukataa talaka ndio ulioleta marekebisho ya karne iliyopita. Mwaka 1954 tawi la Uyahudi liitwalo Konsavativu huko Marekani lilikubali kifungu kilichotungwa na Profesa Saul Lieberman: ndani ya ketuba yenyewe, bwana na bibi wanakubali kwamba ndoa ikivunjika kiserikali, mmoja akimwita mwenzake mbele ya baraza la marabi, atakwenda na atatii. Mwaka 1983 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York, katika kesi ya Avitzur, ilisema kuwa ahadi hiyo ni mkataba kama mikataba mingine na mahakama inaweza kuitekeleza. Miaka ya 1990 Wayahudi Waorthodoksi nao wakaandaa hati ya pembeni, ambayo mume anaahidi humo matumizi ya kila siku kwa mke kwa muda wote watakaokuwa wametengana bila talaka ya dini. Hakuna aliyemlazimisha kutoa talaka. Kukataa tu ndiko kulikopewa bei.

Mbale ndiko nilikojifunza kuyatazama haya kama mambo ya majirani. Abayudaya wa mashariki ya Uganda walianza mwaka 1919, pale jemadari Semei Kakungulu alipoacha Ukristo wa wamisionari na kushika Torati pamoja na wafuasi wake. Idi Amin aliwapiga marufuku, wakapungua, wakabaki wachache wenye moyo. Mwaka 2002 jopo la marabi wa tawi hilohilo la Konsavativu lilikwenda na kuwapokea rasmi mamia yao, na mwaka 2008 Gershom Sizomu, aliyesoma Los Angeles, akawa rabi wao aliyewekwa wakfu. Kilima cha Nabugoye, lilipo sinagogi lao kuu, kimezungukwa na migomba na kahawa, na watu wake wanajua mahari kama tunavyoijua sisi. Nilipokaa nao, swali langu lilikuwa moja: mkishaandika ketuba, mahari ya Kiafrika inakwenda wapi? Mama mmoja mtu mzima alinijibu bila kufikiri sana kwamba vyote viwili vinakaa. Mbuzi wanakwenda kwa baba. Hati inakwenda kwa binti. Wazazi wameshukuriwa, na binti amelindwa, na hakuna aliyeona kwamba moja linamfukuza mwenzake.

Niliandika jibu lake nikalipigia mstari. Ndilo nililolitaka Songea.

Kuna jambo jingine kuhusu ketuba za siku hizi ambalo nililiona kwanza kama pambo, na kadiri ninavyolitazama linanisumbua. Wanandoa wengi, hasa Marekani, hutaka hati nzuri ya kutundika ukutani, yenye michoro na rangi, na huandika safu mbili: kulia Kiaramu cha kale, kushoto Kiingereza. Mara nyingi safu hizo hazisemi jambo moja. Kulia kuna zuzi 200, rehani na vazi la mabegani. Kushoto kuna ahadi za kusikilizana, kucheka pamoja, kuwa marafiki hadi uzeeni. Nawaelewa kabisa. Wanataka usawa, na hati ya kale haikuandikwa kwa usawa. Ni mume anayesema na mke anayepokea. Rachel Adler, mwanateolojia, alilikabili tatizo hilo kwa uzito katika kitabu chake cha mwaka 1998, akapendekeza agano la wapendanao lililojengwa juu ya sheria ya ubia, ambapo wote wawili wanaweka mali kwenye mfuko mmoja na wote wana wajibu. Hilo ni badiliko lenye meno. Lakini safu ya kushoto yenye vicheko tu haina meno. Mwanamke aliyeachwa na watoto watatu hawezi kupeleka kicheko mbele ya hakimu.

Nasi tunafanya hivyohivyo. Kwenye harusi zetu mshereheshaji anasema maneno matamu mpaka watu wanalia, kamati imechangisha, keki imekatwa, wazazi wamenena. Kisha yote hayo yanabaki kwenye video, na maandishi pekee yenye nguvu ya kudaiwa ni daftari la mshenga: kilicholipwa, salio, sahihi.

Nilikwenda Peramiho, mwendo mfupi magharibi ya mji. Wabenediktini waliofika huko mwaka 1898 walijenga abasia, hospitali na kiwanda cha uchapaji, na ndoa nyingi za mkoa huu zimeandikwa katika vitabu vya misheni. Binti yetu na mchumba wake ni Wakatoliki, kwa hiyo mbele ya altare hawatachagua maneno. Ndoa itatangazwa, watatamka maneno ambayo Kanisa limewawekea, na ndoa yao itakuwa ya mke mmoja. Kuna uzuri katika hilo: tajiri na fukara wanatamka sentensi ileile, kama vile ketuba za Wayahudi wa Ulaya ya Kaskazini zinavyotaja kiasi kilekile kwa wote. Masuala ya kiwanja na makazi hayana nafasi pale, wala sikutarajia yawe nayo.

Kwa Waislamu wa mji huu jambo liko karibu zaidi na ketuba kuliko ilivyo kwetu. Jirani wa kaka yangu, mama wa Kiislamu, alinikumbusha kwamba mahari katika dini yao ni haki ya bibi harusi mwenyewe, hutajwa wakati wa akdi mbele ya mashahidi, na sehemu inaweza kulipwa taslimu na sehemu ikabaki deni juu ya mume. "Ila wengi wanadanganya kwa haya," akasema. Alimaanisha kwamba binti akiulizwa anataka mahari gani, hutaja kitu kidogo kwa kuona aibu, na lile fungu la deni halidaiwi kamwe. Kwa hiyo karatasi yenye haki bila moyo wa kuidai nayo ni pengo.

Sheria ya nchi je? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imetupa mengi ambayo makarani wa Fustat wangeyaonea wivu. Inasema ndoa ni muungano wa hiari. Kifungu cha 41 kinasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikukamilika. Cha 58 kinasema kufunga ndoa hakubadilishi umiliki wa mali, isipokuwa wanandoa wenyewe wamekubaliana vinginevyo, yaani mlango wa makubaliano uko wazi tangu mwaka huo. Cha 59 kinamzuia mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Cha 60 kinasema mali iliyo kwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa yao sawa kwa sawa. Kabla ya kudai talaka, shauri hupita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mahakama inaweza kuvunja ndoa hata mume akigoma. Mwanamke wa Songea hafungwi na kalamu ya mumewe.

Hata hivyo kwenye kugawana mali, mahakama ilibidi iyatafute maneno ambayo wanandoa hawakuyaandika. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kauli hiyo imewasaidia wanawake wengi tangu hapo. Mahakama zimekuwa zikifanya, baada ya machozi, kazi ambayo familia zingeweza kuifanya kabla, wakati watu bado wanapendana na wako tayari kutoa.

Nilirudi kwenye kikao na rasimu. Orodha ya ukoo niliiacha kama ilivyo, mkaja na blanketi na koti la babu. Chini yake niliongeza sehemu ya pili yenye kichwa kimoja tu, Makubaliano ya Wachumba, na vifungu vitatu. Fungu moja la mahari lipewe binti mwenyewe, liwekwe kwenye akaunti yake, na lisirudishwe kwa hali yoyote. Makazi yao yasihamishwe kutoka Songea kabla hawajakubaliana wote wawili. Kiwanja ambacho muoaji amekwisha kukinunua Msamala kiandikwe kwa majina ya wote.

Mjomba hakufurahi. Alisema tunaandika talaka kabla ya ndoa, na kwamba muoaji ataona tunamwita mwizi. Nilimweleza kwamba Wayahudi husoma hati yao harusini, chini ya kitambaa cha harusi, wageni wote wakiwapo, pamoja na deni la kuachana na deni la kifo, kisha wanaendelea na ngoma. Hakuna anayeondoka akisema bwana harusi ametukanwa. Kijana anayesimama hadharani na kukubali kwamba mali yake yote inamdhamini mkewe anajitangaza kuwa mwanaume kamili. Mjomba alitafakari, akasema kifungu cha fungu la binti anakikubali, mradi lisipunguzwe kwenye fungu lake. Watu walicheka, naye akacheka, lakini alikuwa hatanii, na tukalitoa kwenye fedha ya ng'ombe.

Mshenga wao alikuja akakaa, akasomewa. Alipiga simu mbili nje. Aliporudi alisema kijana amekubali vyote vitatu, ila kwenye makazi ameomba liongezwe neno la uhamisho wa kikazi, maana mwajiri wake akimwita mkoa mwingine hana la kufanya. Tuliona ni haki. Tukaandika kwamba uhamisho ukitokea, mke hatalazimika kuacha kazi yake hadi apate nafasi huko anakokwenda.

Ikabaki kiwanja. Baba mkubwa alipendekeza tuandike kwamba majina yataingizwa baada ya mavuno, kijana akishapata fedha ya kulipia. Wote tukaitikia, mimi nikiwa wa kwanza, na kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi. Binti, ambaye kikao kizima alikuwa akiingia na kutoka na chai, alisimama mlangoni.

"Shikamooni. Samahani baba mkubwa. Mavuno ya mwaka gani?"

Mshenga akamtazama, akatoa simu tena. Tuliandika 31 Agosti, na mwaka, na jina la ofisi ya ardhi ya manispaa, na kwamba kijana ataleta nakala ya hati mbele ya mashahidi walewale waliotia sahihi siku ile. Nakala zilikuwa tatu. Ya kwanza ya mshenga, ya pili ya baba mkubwa, na ya tatu niliiweka kwenye bahasha nikampa mwenye ndoa, akaisoma yote, mstari kwa mstari, kabla ya kwenda kuiweka na vyeti vyake vya ualimu.